Hata Farasi Ana Jina

Wifi yangu Savilla Hershberger si mtu wa kuandikiwa kitabu. Ni mfupi, amejaa kiasi, sauti yake inakwaruza, na akikasirika hukanda unga hata kama mikate ya wiki imeshaokwa. Ameolewa na kaka yangu Mose, na upande wetu huu wa Mount Hope hakuna anayemfikia kwa tambi za mayai. Huziuza pale getini, na hapo ndipo wanawake wa Kiingereza wanaposhuka kwenye basi kuja kumtazama. Sisi ni Waamishi, Wakristo wa desturi za kale tunaosafiri kwa vigari vya farasi, na kwetu kila asiye Mwamishi ni Mwingereza, hata kama babu yake alitoka Poland.

"Wewe ni mjane?" mmoja alimuuliza mwaka jana.

"Hapana. Mume wangu yule pale, anapakia samadi."

"Ooh," yule mama akasema, na sura ikamshuka kabisa. Walikuwa wametoka kusoma kile kitabu na walikuwa wanamtafuta Miriam, mjane wa mle kitabuni.

Kabla ya Miriam lazima niseme habari za Fannie, maana wengine wote wamemruka.

Fannie alikuwa binti wa Savilla na Mose. Alikuwa na miaka minane na pengo mbele, na alikuwa mbishi kama mama yake. Alasiri moja alikuwa amekaa kwenye kigari na baba yake wakitoka kwa fundi viatu. Mwingereza mmoja, Dale Pruitt, akapanda kilima kwa gari huku anatazama simu, akawagonga kwa nyuma. Mose alivunjika bega. Farasi hakupata hata mchubuko. Fannie alikufa palepale barabarani.

Jioni ile mimi na Savilla tulimwosha mtoto, tukamvika gauni jeupe. Wakati huo Askofu Roman na wazee wawili walikuwa wamekwenda nyumbani kwa Dale Pruitt na pai ya tufaha, kumwambia kwamba tumemsamehe. Tumemsamehe, sisi sote. Savilla alikuwa bado anamchana Fannie nywele, na mimi ndiye niliyeshika taa. Aliposikia kigari cha askofu kikirudi aliniuliza wametoka wapi, nikamwambia.

"Mbona haraka hivyo?" akasema, akaendelea kuchana.

Magazeti ya Waingereza yaliandika kwamba sisi ni watu wa ajabu. Sijui kama waliuliza ni nani hasa aliyesamehe.

Sasa, kwetu hakuna Meza ya Bwana bila amani. Mara mbili kwa mwaka, majira ya kuchipua na majira ya kupukutika, tunakaa kikao cha mapatano, na wahudumu wanapita benchi kwa benchi. Kila aliyebatizwa lazima aseme kwa mdomo wake kwamba ana amani na Mungu na watu wote. Mmoja asiposema, mkate haumegwi, wote wanasubiri. Miaka yote tangu Fannie afe, Savilla alikuwa anasema, "Nina amani," kwa sauti ya mtu anayejibu habari ya asubuhi, na mambo yanakwenda. Kila mwaka Dale Pruitt naye alikuwa anakuja na kikapu cha matunda, anakaa jikoni, analia kidogo, Mose anampigapiga begani, kisha anaondoka amepata nafuu. Savilla ndiye anayebaki kuosha kikombe chake.

Ndipo kikaja kitabu. Kinaitwa "Kiti cha Pili cha Miriam," na jaladani kuna binti aliyevaa kofia yetu, ila midomo imepakwa rangi. Kililetwa na Lydiann, mke wa askofu. Hadithi yenyewe ni hivi: Miriam ni mjane, binti yake anagongwa na Mwingereza anayeitwa Blake, Miriam anamchukia kwa sura chache, Blake anakuja kumtengenezea paa la ghala, Miriam anamsamehe, Blake ananyoa masharubu na kubakiza ndevu kama wanaume wetu, anabatizwa, wanaoana, wanapata mtoto. Kikazunguka nyumba kwa nyumba. Sisi kitabu kikizunguka, kila aliyekisoma huandika neno kwa penseli nyuma ya jalada na kutia jina, ili anayefuata ajue anaingia wapi.

"Nimelia kuanzia sura ya tatu. Clara."

"Kizuri sana, ila Miriam alichelewa kusamehe. Edna."

"Blake angenyoa masharubu mapema zaidi. Ruby."

"Mungu atupe sote moyo wa Miriam. Lydiann."

Mimi sikuandika kitu. Nilikiona kitabu kitamu mno, kama kahawa iliyotiwa sukari na mtoto, nikakipeleka kwa Savilla kwa sababu Lydiann alisisitiza sana. "Mpelekee, kitamtibu," alisema. Savilla alikaa nacho, akakisoma.

Mwezi wa tisa tulikutana kwa Clara kushona mfarishi wa harusi. Tulikuwa tumezunguka fremu, sindano zinakwenda, midomo inakwenda zaidi. Dakika si nyingi wakafika kwa Miriam.

"Mimi pale aliposhika nyundo ya Blake ndipo niliposhindwa," Clara alisema. "Mume wangu Atlee akaniuliza, nani kafa? Nikamwambia, hakuna, ni upendo."

"Wewe unalia hata kuku akichinjwa," Ruby akamwambia.

"Afadhali mimi. Wewe umeolewa miaka ishirini hujalia hata siku ya harusi."

"Nilikuwa nimeshamwona bwana harusi. Machozi yaliisha kabla."

Tukacheka. Hata Savilla alitabasamu kidogo, nilimwona. Edna, ambaye kila kitu kwake kina marekebisho, akasema kwamba kitabu ni kizuri ila yule Miriam ana roho ngumu, sura nne nzima kinyongo tu, Mkristo gani huyo.

"Lakini mwishowe aliweza," Lydiann akasema, na alikuwa anamtazama Savilla. "Hilo ndilo nililolipenda. Aliachilia, na Mungu akamrudishia. Savilla dada yangu, wewe hujatupa maoni yako. Umekionaje?"

Savilla aliingiza sindano, akaivuta mpaka uzi ukakaza.

"Nina swali tu," akasema. "Yule mtoto anaitwa nani?"

"Mtoto gani?"

"Aliyekufa."

Walitazamana. Ruby akasema anadhani ni Becky, Edna akasema hapana, Becky ni shangazi yake Blake.

"Na farasi?" Savilla akauliza.

"Dandy!" wakajibu wanne kwa pamoja, kama darasa.

Hakuna aliyecheka safari hii. Savilla alisema amemtafuta yule mtoto kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Ameitwa "mtoto," ameitwa "malaika wake mdogo," ameitwa "msiba ule." Jina hana. Anakufa ukurasa wa tisa ili watu wazima wapate kupendana.

"Ni hadithi tu, Savilla," Lydiann akasema taratibu.

"Ndiyo," Savilla akasema. "Ni hadithi tu."

Kikao cha mapatano kilikuwa nyumbani kwa Roman na Lydiann. Shemasi alipita upande wa wanawake, na kila mmoja akasema lake. Alipofika kwa Savilla nilidhani hajasikia. Shemasi akainama zaidi, akarudia kuuliza.

"Siwezi kusema," Savilla akajibu, na sauti yake ile ya kukwaruza ilifika mpaka kwa wanaume.

Basi Meza ya Bwana ikaahirishwa.

Nataka niseme wazi jinsi walivyomtendea, kwa sababu nilikasirika wakati ule na bado nimekasirika. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemsema mbele yake. Walikuwa wapole, na upole wao ulikuwa wa baridi mno. Walioloweka vitambaa kwa machozi ya Miriam walivuka upande wa pili wa duka walipomwona Savilla. Tambi zake zilibaki hazijaguswa kwenye meza ya chakula baada ya ibada. Clara, yule anayelilia kuku, aliacha kumpitia wakienda mnadani. Askofu alimtembelea mara nyingi na Maandiko, akaondoka kila mara ameinamisha kichwa. Mose alimsihi, kisha akanyamaza, na nyumba ile ikawa na sauti ya saa ya ukutani peke yake.

Dale Pruitt naye alikuja na kikapu chake kama kawaida. Alisema mkewe amesoma kitabu kizuri kuhusu watu wetu, na kwamba mkewe anasema Savilla ni Miriam mtupu.

"Binti yangu alikuwa anaitwa nani?" Savilla akamuuliza.

Yule mtu alikuwa anajua. Haki yake nimpe. "Fannie," akasema, na akashika ukingo wa meza, na Savilla ndiye aliyempa kiti. Baadaye aliniambia huyo ndiye mtu pekee aliyelitaja jina hilo jikoni kwake mwaka ule mzima, na kwamba alimchukia zaidi kwa hilo.

Majira ya baridi yalipokuwa yanaisha, baba yetu alianguka. Namaanisha baba yangu mimi na kaka yangu Mose, mzee Noah, ambaye alikuwa anaishi kwenye nyumba ndogo nyuma ya Mose, na Savilla ndiye aliyekuwa anamlisha na kumgeuza kitandani. Daktari alisema moyo umechoka. Mzee hakuogopa kufa. Aliogopa kufa kabla hajashiriki Meza ya Bwana, na alikuwa hajashiriki tangu mwaka uliotangulia, kwa sababu tunazozijua.

Askofu alinituma nikaseme na wifi yangu. Nilimkuta anamenya matufaha, nikachukua kisu, nikakaa.

"Wamekutuma," akasema.

"Wamenituma."

"Basi sema."

"Sina la kusema. Nimechoka na watu."

Akacheka kwa pua. Tukamenya mpaka bakuli likajaa.

"Baba anasemaje leo?" akaniuliza. "Asubuhi amekataa uji wangu."

"Anauliza Meza ya Bwana ni lini."

Kisu chake kilisimama. "Amekuuliza wewe?"

"Amemuuliza kila mtu. Wewe tu ndiye hajakuuliza. Anasema asikuongezee mzigo."

Savilla aliweka kisu chini, akajifuta mikono kwa aproni, akatoka kwenda nyumba ndogo. Hakurudi mpaka nilipomaliza matufaha yote.

Kikao cha majira ya kuchipua, shemasi alipofika kwake, Savilla alisema, "Nina amani." Nyuma yangu nikasikia wanawake wakishusha pumzi. Edna alifuta macho. Tulipotoka nje Clara alimkumbatia kwa nguvu, akasema, "Kama Miriam kabisa!" na Savilla akasimama mikono chini, amekumbatiwa kama nguzo.

Jumapili ya Meza ya Bwana, baba alibebwa kwa kiti na wajukuu wake. Alimegewa mkate, akanywa kutoka kikombe, na uso wake sijui niueleze vipi. Ulikuwa uso wa mtu aliyefika nyumbani. Kisha zikaletwa ndoo na taulo, tukaanza kutawadhana miguu, wawili wawili kama desturi. Savilla alikuja moja kwa moja kwangu. Akakaa, akavua soksi nyeusi. Nikapiga magoti, nikachota maji, nikaishika miguu yake. Wimbo ulikuwa unavutwa polepole, ndiyo maana hakuna mwingine aliyesikia alipoinama.

"Wifi, nimesema uongo," akaninong'oneza. "Ili baba ale."

Maji yalikuwa ya vuguvugu. Kwa sheria zetu ningepaswa kusimama palepale na kusema, kwa sababu mkate ule ulikuwa umemegwa juu ya uongo, na sisi sote tulikuwa tumeula. Nilimtazama baba kule upande wa wanaume, macho amefumba, midomo inacheza na wimbo. Nikaikausha miguu ya Savilla, mmoja baada ya mwingine, mpaka katikati ya vidole. Tukasimama, tukabusiana, nikamwambia, "Bwana awe nasi," naye akanijibu inavyotakiwa, "Amina, kwa amani." Neno amani alilitamka huku ananitazama usoni, na machozi yake yote ya miaka hiyo yalikuwa mle.

Baba alikufa wiki mbili baadaye. Wanawake walirudi kwa Savilla na mapai, tambi zake zikaanza kuliwa tena, na watu wanasema msamaha umeponya nyumba ile. Mimi nikisikia hivyo naondoka niliposimama.

Juzi nilikwenda kwa Lydiann kurudisha sufuria. Alikuwa na kile kitabu mezani, kimerudi baada ya kuzunguka kote, akawa anasoma maoni nyuma ya jalada na kufurahi, jinsi walivyo wengi. Kisha akakunja uso.

"Huyu Fannie ni Fannie gani? Wa Levi, au yule wa Emanuel?"

Nikatazama. Chini kabisa ya maoni yote kulikuwa na jina, Fannie, basi. Mwandiko niliufahamu.

"Ameandika jina, hajasema hata kama alikipenda," Lydiann akasema.

"Huyo hakukisoma," nikamwambia.

"Hakukisoma? Sasa jina la nini? Ataniharibia mpangilio bure."

Sisi hatupigi mtu, tumefundishwa hivyo tangu kwenye maziwa ya mama, na siku ile ndipo nilipojua kwa nini ilibidi tufundishwe. Lydiann alifungua droo, akatoa kifutio, akainamia jalada na kuanza kufuta. Alifuta kwa bidii, anapuliza vumbi, anafuta tena. Jina lilibaki pale pale, kwa sababu Savilla hakutumia penseli.