Kilio cha Mfaransa

Wiki mbili zilizopita, wakati wa mapumziko, mwalimu mwenzangu alinisogezea simu yake. "Hebu mwone Mzungu huyu," akasema. "Ati kafa juzi huko kwao Ufaransa, na hapa alipoigiza ni kwetu Pemba." Tulikuwa tumekaa barazani pa skuli, Wawi, vikombe vya chai mkononi. Nikatazama. Mzee mrefu, mwembamba, kapiga magoti mbele ya kaburi, analia. Chini yake wameandika kwamba katika filamu zote alizocheza, kilio hiki ndicho kilichompa jina. Chai yangu sikuimaliza. Kipindi kilichofuata niliwaandikia wanafunzi zoezi ubaoni, nikaenda kukaa nyuma ya darasa, nikawa najifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Nikwambie wewe, rafiki yangu, maana miaka yote hii sikupata kumwambia mtu. Mzee yule nilimjua. Nilikuwa darasa la tatu, kwetu Wambaa.

Ulikuwa msimu wa karafuu. Wasiolelewa Pemba hudhani harufu ya karafuu ni kitu cha kwenye pilau. Sisi ilituganda mwilini: kwenye nywele, kwenye mashuka, mpaka kwenye madaftari. Vidole vyetu vilikuwa vyeusi kwa kuchambua makonyo, vile vikonyo vya karafuu, na jioni bibi alitupakulia muhogo wa nazi na kipande cha ng'onda, samaki mkavu, tukala huku bado tunanuka karafuu. Kila uwanja ulitandikwa majamvi ya kuanikia karafuu. Mtoto yeyote alijua kwamba likitanda wingu, unaacha ulichoshika, unakimbilia majamvi kwanza.

Watu wa filamu walikuja na magari manne na jenereta lililonguruma kutwa. Walikuwa na mkalimani, kijana wa Unguja, aliyetucheka tunavyosema nasi tukamcheka anavyosema. Yeye ndiye aliyetusimulia habari za yule mzee. Ujana wake alikuwa mtu mkubwa wa majukwaa ya Paris. Kisha akaingia kwenye filamu, akang'ara miaka michache, akazeeka. Wakawa wanampa sehemu za dakika mbili: mara bawabu, mara hakimu, mara maiti. "Hii ndiyo nafasi yake ya mwisho," mkalimani alisema. "Akishindwa hapa, hawamwiti tena." Aliigiza Mzungu mwenye shamba, aliyemlea binti wa kisiwani, binti akafa kwa uzembe wake. Ilikuwa amzike, na amlilie.

Baba ndiye aliyekuwa akiitwa kijijini kuchimba makaburi. Kwa hiyo walimtaka yeye awachimbie la filamu, pembeni mwa shamba letu. Bibi alikasirika, akaacha kusuka ukili wake. "Kaburi halichimbwi kwa mchezo," alimwambia baba. "Na likichimbwa halilali wazi."

"Ntalifukia siku hiyo hiyo, mama," baba akajibu.

Hakulifukia, kwa sababu Mfaransa hakuweza kulia. Siku ya kwanza alipiga magoti, akakunja uso, machozi hayakuja. Siku ya pili hivyo hivyo. Mwongozaji akampigia kelele mbele ya watu wote, mtu mzima yule, naye akasimama anapangusa vumbi magotini kama mtoto aliyekosa hesabu. Kila jioni baba alikwenda kuuliza kama aweza kulifukia kaburi, na kila jioni mkalimani alimjibu, "Kesho, mzee." Mwishowe baba akalifunika kwa makuti.

Kila asubuhi, kabla ya wenzake, Mfaransa alikuja peke yake kujifunza kulia. Alikaa juu ya udongo uliochimbuliwa, akarudia yale maneno mawili ya Kiswahili aliyofundishwa: "Nisamehe, mwanangu. Nisamehe, mwanangu." Mdogo wangu, mtoto wa kike wa miaka mitano, alimzoea. Alikwenda kuchutama mbele yake, na kila mara mzee alipokunja uso, yeye akacheka. Mzee naye akacheka, akampa biskuti.

Kisha mvua zikaja, siku tatu mfululizo. Mfaransa alilala na homa huko mjini Chake, kazi ikasimama. Siku ya nne jua likatoka na mama akaniambia, "Tandika majamvi, na mdogo wako usimwachie mkono." Yeye na baba wakaingia shambani. Adhuhuri wingu likarudi ghafla. Majamvi yalikuwa tisa. Mkono mmoja hautoshi kukunja jamvi lililojaa karafuu, nikamwachia. Nilikimbia, nikakunja, nikaburura, na hakuna hata karafuu moja iliyolowa. Nilipoingiza la tisa niligeuka nimwonyeshe mdogo wangu nilivyo hodari. Hakuwepo.

Baba ndiye aliyekwenda moja kwa moja kwenye lile shimo. Makuti yalikuwa yamedidimia katikati, na maji yamejaa. Mdogo wangu alikwenda kumtafuta yule mzee wake wa biskuti.

Maziko yalikuwa siku ile ile. Baba alikataa mtu mwingine kushika jembe, akachimba mwenyewe huko makaburini. Wanaume walipoitoa maiti ndani, mama aliangua kilio ambacho hadi leo nikisikia gari likifunga breki ghafla, nadhani ni yeye. Baba hakulia. Alivua kofia yake, akatia ukingo wake mdomoni, akauma, mabega yakamtikisika. Ni hivyo tu. Mfaransa alikuwa amefika na homa yake, kasimama kwenye ua na mkalimani. Sote tuliitazama maiti. Yeye alimtazama baba.

Siku ya tatu, hitima imekwisha, alikuja nyumbani na mkalimani. Akavua viatu, akakaa kwenye mkeka mbele ya baba, akasema, "Nisamehe, mwanangu."

Baba alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi, pengine angeweza kweli kuwa mwanawe. Lakini sote tulikuwa tumeyasikia maneno yale kutwa, juu ya udongo ule. Baba akamgeukia mkalimani. "Niulizie. Maneno haya ni yake, au ndiyo ya filamu?"

Mkalimani aliinamisha kichwa, wala hakumuuliza. Baba akammiminia mgeni kahawa, naye akainywa, akaondoka.

Shimo baba alikuwa keshalifukia. Watu wa filamu walihamia kaskazini, wakachimbiwa jingine na mtu mwingine, na huko ndiko Mfaransa alikolia. Filamu ikatoka, akapewa tuzo, wakaanza kumwita tena. Tangu hapo akacheza mmoja baada ya mwingine, wafalme na mababu na mapadri, mpaka uzeeni kabisa. Kwetu, baba hakuitwa tena kuchimba kaburi la mtu. Watu walisema kafungua ardhi kwa tamaa, ardhi ikamdai. Hata sokoni walimsalimu kwa mbali. Alizeeka hivyo, mtu wa kukaa peke yake akichambua karafuu, akafariki nikiwa chuo cha ualimu. Na miye, aliyemwachia mtoto mkono, hakuna aliyeniuliza neno.

Ijumaa nilikwenda Wambaa, nikamwekea mama simu mapajani. Macho yake bado mazima. Kwenye filamu, mzee anafika penye kaburi, anavua kofia, anatia ukingo mdomoni, anauma. Mabega yanamtikisika. Ndipo machozi yanapotoka.

"Huyu baba'ko," mama akasema.

"Ni yule Mfaransa, mama."

"Namjua. Nasema hicho anachokifanya ni cha baba'ko." Akatazama tena toka mwanzo. "Na humo kaburini wamemtia nani?"

"Hamna mtu. Wanasema ni mgomba tu, umevikwa sanda."

Akanirudishia simu. "Basi kalilia mgomba."

Kuku walikuwa wakiparura pale tulipokuwa tukitandika majamvi. Siku hizi uwanja umejaa majani, mikarafuu mingi imekauka, na upande ule wa shamba pamejengwa nyumba. Watu wake hawajui kitu, wamepanda mipapai juu ya lile shimo. Sijui nini kilinisukuma. Nikasema, "Mama, siku ile nilimwachia mkono. Nilikwenda kuokoa karafuu."

Mama hakugeuka kunitazama. "Najua," akasema. "Baba'ko alizikuta karafuu zote ndani, kavu, akajua. Alinambia, ntoto huyu tusimuulize. Na watu wakisema, waache waniseme miye."

Baba hakuacha picha hata moja, wala mdogo wangu. Uso wa mdogo wangu umeshanitoka kabisa. Wa baba nao nimeanza kuusahau, na kila nikijaribu kuuleta sasa, anakuja yule mzee mwingine, amepiga magoti, analia vizuri sana.