Wiski ya Oktoba, Njia ya Pugu

Wakuu, mlishawahi kuona mtu analilia chupa ya pombe, na chupa yenyewe imejaa?

Babu yangu mdogo, Leodegar, aliona. Alikuwa kasimama mlangoni na sinia mkononi.

Mwaka 1953 huo, Mwingereza bado yupo. Babu alikuwa mpishi wa Memsabu Hobson, mjane wa injinia wa reli, nyumba ya peke yake njia ya Pugu, karibu na Gongo la Mboto. Ndani wawili tu, yeye na Memsabu. Babu naye alikuwa mgane, mkewe Avelina alishamzika Bukoba.

Kila Oktoba, kwao Ulaya majani yakipukutika, marehemu Bwana alikuwa akimchanganyia mkewe wiski na kileo fulani kichungu. Memsabu akionja tu, anafumba macho.

"Hapa niko nyumbani," anasema.

Sasa Bwana hayupo. Memsabu akaagiza chupa ya kile kichungu dukani kwa Bandali, lebo ile ile. Akaonja. Siyo.

Akaagiza nyekundu. Siyo. Akaagiza nyeusi ya Kitaliano. Ndiyo kabisa siyo!

Hapo ndipo alipolia.

"Leodegar, nikiijua ni chupa gani nafunga nyumba, narudi kwetu. Nitainywa huko. Upweke wa hapa unanimaliza."

Babu akanywea. Ile ladha alijua ilipo. Ila Memsabu akiondoka, yeye abaki na nani? Kazi angepata kwingine. Mtu wa kumuuliza asubuhi kama amelala salama, hakuwa naye mwingine.

Akauchuna.

Wiki nzima kilio kinatoka sebuleni, yeye yuko jikoni anajifanya anamenya vitunguu. Mwisho roho ikamsuta. Akaingia na jagi.

"Memsabu, nisamehe. Wakati wa vita ya Hitler meli hazikuleta ile chupa. Bwana akanituma nichemshe mwarobaini, maganda ya machungwa na sukari guru, nijaze kwenye chupa ya zamani. Akaniapisha nisikwambie. Vita ikaisha, ukawa umeshaizoea."

Memsabu akageukia dirishani.

"Mwarobaini upi?"

"Huo hapo uani."

Akamimina kwenye wiski, akaonja. Akafumba macho.

Babu akajua ndo basi tena. "Nikushushie masanduku, Memsabu?"

"Ya nini? Kwetu mti huu haupo."

Kisha akavuta kiti cha marehemu. "Kaa."

Miaka yote ile babu alikuwa akikifuta vumbi kiti hicho, hajawahi kukikalia. Wiski sheria ilimkataza Mwafrika, kwa hiyo akamiminiwa mwarobaini mtupu. Mchungu kama shubiri. Akamaliza wote.

Memsabu alizikwa hapa hapa Dar. Mie nimekua namwona babu kila Oktoba akichemsha majani yake, anatenga glasi mbili, anakunywa moja.

Ndugu zangu, kama unaogopa mtu atakuacha akijua ukweli, mwambie tu, aamue mwenyewe. Babu alikuwa akisema ile wiki aliyonyamaza ndiyo aliyokuwa mpweke kuliko zote, na Memsabu alikuwa chumba cha pili.