Mtoto Aliyepiga Chafya Altareni

Asubuhi ile dada yangu Matilda alikutwa mbele ya altare, mikono udongo mtupu, amempakata mtoto tuliyemzika jana yake.

"Amepiga chafya," alisema. "Nimembatiza. Sasa mzikeni ndani."

Jamani. Aliyemtia maneno hayo kichwani ni mimi.

Ilikuwa mwaka 1956, misheni moja ya milimani huku kwetu Iringa. Mimi Severina, darasa la nne tu, kazi yangu kuchuma maua ya pareto. Ila kwa kutunga hadithi, hapo hunipati.

"We Severina, hebu tupeleke kwenye ile nchi yako!" wanawake walikuwa wananiambia shambani.

Nchi yangu ilikuwa na mfalme wa mavazi ya chuma na joka linalolinda pumzi za watu. Wanacheka, vikapu vinajaa.

Mtoto wa Matilda aliishi toka alfajiri mpaka adhuhuri. Tulimngoja katekista Ambrosi aje kumbatiza. Hatukujua kwamba mtoto akiwa anakufa, yeyote anaweza kummwagia maji na kumbatiza.

Akafa hivyo hivyo. Wasiobatizwa walizikwa nje ya uzio wa makaburi, bila msalaba.

"Mwalimu, mwanangu yuko wapi?" dada alimuuliza Ambrosi.

"Limbo. Ukingoni mwa mbingu. Haumii, ila hatamwona Mungu."

"Na mimi je, ataniona?"

Mwalimu akachukua kofia yake, akaondoka.

Jioni ile dada hali, analia tu. Nikaona nimpoze. Nikamwambia, katika ile nchi mtoto kama wake akilazwa altareni kabla jua halijatoka, joka humrudishia pumzi moja. Anapiga chafya. Hapo hapo mama anambatiza.

"Kweli?"

"Kweli, dada."

Ningejibuje, mtu analia?

Basi Baba Padre akatuita. Akasema, "Apatikane mtu mmoja tu aliyesikia hiyo chafya, nitamzika ndani."

Ambrosi alikuwemo kanisani alfajiri ile, amekuja kupiga kengele.

"Sikusikia kitu, Baba."

Padre akanigeukia. "Na wewe binti, habari hii ya joka aliyonieleza dada yako umeitoa wapi?"

Dada alinitazama. Macho yale!

Nikaogopa.

"Nimeitunga, Baba."

Mtoto akarudishwa nje ya uzio. Matilda akazuiwa komunyo. Kisimani wakamwita mfukua makaburi, na wale wale waliokuwa wakicheka hadithi zangu ndio waliopaza sauti zaidi. Mimi dada hakunisemesha tena mpaka alipohama.

Wiki ya pili Ambrosi akanifuata shambani. Nikajua leo nimekwisha.

Akavua kofia.

"Severina, nami nina watoto wawili nje ya uzio, walizaliwa wamekufa. Mwaka wa tatu huu. Katika nchi yako, wakikaa sana udongoni, bado inawezekana?"

"Mwalimu! Si ulisema hukusikia kitu?"

"Nilisikia." Akageuza kofia mikononi. "Ningesema, wangeniona naamini mambo ya joka. Ningefundisha wapi tena?"

Nikaendelea kuchuma. Sikuwa na hadithi ya kumpa.

Wapendwa, aliyeshiba huuliza kama hadithi ni tamu. Mwenye msiba huuliza kama ni kweli. Ukimwambia ni kweli, uwe tayari kusimama naye mbele ya watu. Kama huwezi, mwache alie.