Macho ya Mtoto wa Sufi

Siku hizi nashona watoto wa bandia, kujipumbaza tu. Siku ya kwanza, nilipokuwa nachambua sufi ya kuwajazia, vumbi lake likanipanda puani nikarudi utotoni palepale.

Mama alikuwa amekufa, hata arubaini haijafika. Nikakata pindo la kanga yake, nikajaza sufi, nikashona katoto, nikakatia macho kwa uzi mweusi. Nikawa nalala nako. Kalikuwa kananukia mama.

Aliyekachoma ni shangazi, dada yake baba. Simfichi. Alikapokonya akakatupa jikoni, kwenye vifuu vinavyowaka.

"Sanamu lenye macho halikai nyumbani kwangu! Kesho akhera utaambiwa ulitie roho, utaweza?"

"Shangazi, ni kanga ya mama."

"Mamako kenda na sanda yake. Kakoroge uji!"

Leo hajiwezi, yuko kwangu, namlisha kwa kijiko. Watoto wangu nimewapanga mbele ya kitanda chake, na wote nimewatia macho.

Jana kaniomba, "Mwanangu, wageuzie ukutani."

Nikampangusa mdomo. "Waache, Shangazi. Wanakutazama tu."