Karatasi Iliyosema Feza Si Mtoto Wangu

Mwaka 1988 nilisaini karatasi iliyosema kwamba binti yangu si wangu.

Sikuwa nimelewa. Hakuna aliyenishika mkono. Nilisaini kwa kalamu ya ofisi, nikashukuru, nikatoka.

Wacha niwaeleze ilivyokuwa.

Niliingia kampuni ya shaba ya serikali hapa Lubumbashi nikiwa na miaka kumi na saba. Shule niliiachia darasa la tano. Miaka kumi na saba mingine nikatengeneza magari yao. Vijana wa diploma walikuja, nikawafundisha kushika spana, kesho yake wakawa wakubwa wangu.

Mimi nilibaki palepale. Iliniuma, sitaficha.

Ndipo Alimasi akaniita. Mtu wa Maniema, mfanyabiashara wa Kamalondo, ana malori yanayokwenda Kasumbalesa, mpakani.

"Donat, kuya kwangu. Utakuwa chef, mukubwa wa garage. Uko na matatizo ku nyumba?"

"Hapana, patron. Hakuna."

Nilidanganya. Niliogopa atachukua mwingine.

Feza, mtoto wetu pekee, alikuwa na miaka tisa na ugonjwa wa damu, ule tunaouita SS. Kila miezi michache aliongezewa damu kwenye hospitali ya kampuni. Hospitali ile ilikuwa ya mfanyakazi, mke wake, na watoto walioandikwa kwenye kitabu chake. Ukiacha kazi, kitabu unakirudisha. Nyumba ya kambi ya wafanyakazi pia.

Mke wangu Agnès alinitazama kama anayemtazama mtu aliyevuta bangi.

"Papa Feza, hii cheo yako itamupa mutoto damu?"



Mpango ulitoka kwa Godefroid, jirani yetu kambini na rafiki yangu wa kazi. Yeye na mkewe hawakujaliwa mtoto.

"Tumuandike mu kitabu yangu," akasema. "Weye utasema ni mutoto wangu, ulikuwa unanilelea tu. Bantu bengi banafanya vile."

Kweli, wengi walifanya. Kambi ilijaa watoto wa ndugu walioandikwa kama wa kuzaa. Tofauti ni kwamba wale waliandika mtoto aingie. Mimi niliandika wangu atoke.

Tukahamia mtaa wa Katuba, sisi watatu. Tulidhani karatasi inatosha.

Wiki ya pili akapita yule mama wa ofisi anayehesabu watoto nyumba kwa nyumba kambini. Akamuuliza Godefroid mtoto yuko wapi.

"Iko kwa shangazi yake."

"Nitarudi. Nimukute."

Basi Feza akarudi kambini, akalala kwa Godefroid. Jumapili tulikwenda kumwona. Alianza kumwita Godefroid papa mbele ya watu. Baadaye hata watu wasipokuwepo.

"Na mie?" nikamuuliza siku moja.

"Weye ni papa Donat."

Godefroid alicheka. Akaona uso wangu, akaacha.

Haukupita mwaka. Feza alizidiwa ghafla, wakamwongezea damu, mwili ukakataa. Alikufa saa nne asubuhi. Mimi nilikuwa chini ya lori.

Kilio, matanga yake, kikawekwa kwa Godefroid. Jeneza la kampuni lilishushwa pale, na unga wa kampuni, na mkubwa wa ofisi akaja kumpa pole baba wa marehemu mbele ya watu wote.

Godefroid akanitazama. Angesema neno moja, angefukuzwa kazi kwa udanganyifu. Nikatikisa kichwa: nyamaza.

Nikajipanga na majirani. Nilipomfikia nikampa mkono.

"Pole, Papa Feza."

Aliushika, hakutaka kuuachia. Agnès alikuwa kwenye mkeka, katikati ya wanawake wengine, analia kama jirani.

Siku ya nne nikarudi garage.

"Siku tatu, Donat," Alimasi akasema. "Kilio ya nani?"

"Mutoto wa rafiki." Hata hapo nilidanganya.

"Alikufa na nini?"

"SS."

"Aa. Kama ule wa Aruna." Aruna ni dereva wetu.

"Aruna iko na mutoto wa SS?"

"Ee. Miaka mbili sasa ninamupeleka ku hospitali ya Masista, wanamupa damu, ninalipa mie. Hukujua? Ule rafiki yako angekuya tu kuniona."

Nilirudi chini ya lori. Halikuwa na ubovu wowote. Nilikaa huko mpaka wenzangu wakaenda nyumbani.

Nyinyi mnaohama kazi baada ya miaka mingi, nawaambia kwa ufupi. Mtu mpya akikuuliza una nani nyumbani, mwambie. Akikukataa, rudi ulikotoka na aibu yako. Aibu inaisha.

Labda Feza angekufa tu, hata kwa Masista. SS haina huruma.

Lakini angefia mikononi mwetu, na kilioni mimi ningekaa kwenye kiti cha baba.