Pima na Bima

Watu wakisikia kwamba narusha droni kwa riziki, hufikiri nashinda nikichezea mawingu. Hawajui kwamba kazi yenyewe ni ya miguu. Ndege inakaa juu kwa muda mfupi tu kabla betri haijalalamika. Mimi natembea kutwa. Milima ya Kimulot haina adabu hata kidogo. Unashuka hadi kijitoni magoti yakitetemeka, unapanda upande wa pili na begi mgongoni, na ukifika juu unakuta ukungu umekutangulia. Unaketi kwenye jiwe lenye maji, unangoja. Ukungu ukiinuka, unarusha. Mchana ukigeuka tu, mvua inaanza, unafungasha na kuteremka tena. Hiyo ndiyo anga ninayoijua mimi.

Nilianza na harusi upande wa Kiptere, kisha mazishi. Katika zote mbili wenye shughuli hutaka jambo moja: watu waonekane wengi. Londiani niliwahi kupiga picha za viazi vya bwana mmoja mpaka nikaota viazi. Kwa hiyo kiwanda kimoja cha chai cha wakulima wadogo kiliponiita kwenda kupima mashamba ya wanachama wake, nilishukuru. Chai haibishani na mpiga picha. Walitaka ramani yenye kuonyesha ukubwa wa kila shamba na hali ya chai yenyewe. Mimi ningepiga picha nyingi kutoka juu, kompyuta izishone pamoja na kuzipaka rangi: kijani kilichokolea mahali chai imesitawi, njano mahali imedhoofika. Ukisikia inavyoelezwa ofisini, unadhani itakwisha kabla ya chai ya saa nne.

Haikwisha. Asubuhi za huko juu, karibu na msitu wa Mau, betri hupoa mpaka zinakataa kazi, nikawa nazibeba ndani ya koti, kwapani, nikinuka plastiki. Kuku wakiiona droni wanaita vifaranga na kukimbilia chini ya ua, maana kwao hiyo ni kipanga, na wenye kuku wananitazama mimi kana kwamba ndimi mwizi. Mbwa sitawataja. Majuma mengine mvua ilinyesha mfululizo na nikabaki chumbani kwangu mjini Kericho, nikimpigia simu mwenyekiti wa kituo cha kununulia chai cha ule upande, kumwambia kwamba bado nakuja, wasichoke kungoja.

Yule mwenyekiti alikuwa mtu mwema na mwenye sauti. Kila Jumapili baada ya ibada alisimama na kutangaza, kwa Kiswahili ili na wageni waelewe, "Watu ya pima wanakuja na ndege. Kila mtu akae kwa shamba yake." Jumapili iliyofuata alirudia. Mvua ilikuwa haijakatika, naye akazidi kurudia.

Hapa inabidi nieleze jambo moja la vinywa vyetu. Mimi nilizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba kubwa la chai. Wazazi wangu walitoka upande wa ziwa. Kwetu "shamba" huwa "samba", na shuleni nimechekwa kwa hilo mpaka nikazoea. Wenyeji wetu Wakipsigis nao, p na b kwao zinakaa kiti kimoja. Nasi tuliwacheka. Tumechekana hivyo tangu utotoni, tukaoana, tukazikana, na hakuna aliyewahi kuumia kwa sababu ya herufi. Ndivyo nilivyoamini.

Siku mvua ilipotuhurumia, niliingia shamba la mwisho kwenye ule mgongo wa mlima, lile linalopakana na msitu. Mwenye shamba alikuwa mama mzee, mjane, wa umri wa wale tunaowaita kogo, yaani nyanya. Nilimkuta amevaa nguo za kanisani. Njia ya kuingia nyumbani ilikuwa imefagiwa, na nje kulikuwa na viti na meza yenye kitambaa.

"Chamge," nilimsalimu.

"Chamge, kijana. Nilijua mtakuja," alisema. "Mimi sijagusa kitu. Hata jani moja."

Nilidhani anasema habari za mpaka. Watu wengi wakiona mtu wa kupima wanakuwa na wasiwasi, wanakuhakikishia kwamba hawajasogeza alama wala kung'oa mti. Nikamwambia vizuri sana, kogo, ahsante. Nikaweka droni kwenye nyasi, nikairusha, ikaenda na kurudi juu ya chai yake kwa mistari iliyonyooka. Alisimama nyuma yangu muda wote amefumbata mikono. Kwenye skrini chai yake ilionekana imejaa, nene, bila pengo. Niliwaza kwamba walau hili ni shamba zuri la kumalizia siku.

Ndege ilipotua, aliniuliza, "Na hii ya chini, imeona?"

"Ya chini gani, kogo?"

Alinishika mkono wa koti akaniingiza katikati ya mistari. Matawi ya juu yalikuwa yamenipita kifua, jambo ambalo kwa kweli ningelishangaa mapema kama nisingekuwa na usingizi. Chai inayochumwa huwa meza iliyosawazishwa, unaiona yote kwa jicho moja. Hii ilikuwa imeachwa ikue inavyotaka. Akayatenga majani kwa mikono miwili. Chini yake vijiti vilikuwa vimechubuka, magome yamebanduka upande mmoja, vingine vimevunjika na kukaukia hapo hapo. Mvua ya mawe. Huku kwetu mvua ya mawe ina njia yake. Inaweza kupiga shamba la huyu na kuliruka la jirani. Lake ilikuwa imelipiga vibaya kabla mimi sijaanza kupiga simu za kuahirisha.

"Kwa nini hukuchuma yale yaliyobaki?" niliuliza. "Na haya yaliyoota baadaye?"

Alinitazama kwa huruma, vile mtu anavyomtazama mtoto mzito wa kuelewa. "Nichume aje na bima haijaona? Mwenyekiti alisema watu ya bima wanakuja na ndege. Nikichuma, si mtasema hakuna kitu iliharibika?"

Nikamwuliza taratibu, naye akanieleza. Redioni alikuwa amesikia kwamba kuna mahali wakulima hulipwa mazao yakiharibiwa na mvua. Kisha mvua ya mawe ikampiga. Kisha mwenyekiti akasimama kanisani na neno lake. Majirani ambao hawakupigwa walisikia kupima. Yeye alisikia lile alilokuwa akiliombea.

"Kogo," nilisema, "mimi si mtu wa bima. Mimi ni mtu wa kupima."

"Ndiyo," alisema. "Wa bima."

"Kupima. Kupima shamba."

"Ndiyo. Bima ya shamba."

Nilifikiria kujaribu kwa Kikipsigis, lakini Kikipsigis changu ni cha sokoni, na hili halikuwa jambo la kukosea. Nikanyoosha mikono yangu yote miwili, nikajifanya navuta kamba kutoka mti mmoja hadi mwingine, nikahesabu hatua kwa sauti, nikatingisha kichwa kuonyesha kwamba hakuna kingine. Aliitazama mikono yangu. Ilichukua muda. Nikaona uso wake unaelewa, na nikatamani kuwa mtu mwingine mahali pengine.

Alitoka katikati ya chai, akaketi kwenye kiti cha wageni. "Sasa hii nani atanunua?" aliuliza.

Alijua jibu. Kiwanda huchukua majani mawili na chipukizi. Yale yake yalikuwa yamekomaa, magumu, hata mbuzi angeyafikiria mara mbili. Ingebidi chai yote ikatwe hadi kwenye meza yake, halafu angoje ichipue upya, miezi akitazama tu. Na ile chai ndiyo aliyoitegemea. Kulikuwa na ng'ombe na mahindi kidogo, lakini chai ndiyo iliyokuwa mshahara wake tangu mume wake afe. Mawe yalimharibia nusu, na nusu nyingine aliiharibu mwenyewe kwa kutungojea.

Nilimpigia simu mwenyekiti pale pale, kwa hasira ambayo haikuwa na mwenyewe. Alisikitika sana. Aliniapia kwamba alitangaza wazi, tena kila Jumapili. "Mimi nilisema bima," alisema. "Sikusema bima." Nilimwelewa vizuri kabisa, ingawa sikio langu halikupata tofauti yoyote.

Niliporudi mezani, mama alikuwa amenimiminia mursik, maziwa yao ya mgando, akatikisa kibuyu kupata na ya chini. Nilisema nimeshiba. Alisema nimetembea, ninywe. Nikanywa maziwa ya mtu ambaye nilikuwa nimemvunja moyo, na yalikuwa mazuri, nikazidi kusikia vibaya. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kidogo, "Lakini hiyo picha si itaenda kwa kiwanda?"

"Itaenda."

"Basi wao wataona."

"Wataona, kogo," nilisema. Nilikuwa naamini hivyo. Kwa tahadhari tu nilitoa simu nikapiga picha za vile vijiti vilivyochubuka, kimoja kimoja, nikiwa nimepiga magoti kwenye tope.

Kompyuta ilichukua siku nzima kushona ule mlima. Nilikuwa nimelala kitandani na viatu, naitazama ikijaza rangi shamba baada ya shamba. Mashamba ya majirani, yaliyochumwa vizuri wiki ile ile, yalitoka kijani cha kawaida. Mawili matatu yaliyotoka kupogolewa yalikuwa manjano kabisa. Pale mwisho, kando ya msitu, palitokea kipande cha kijani kilichokolea kuliko vyote kwenye ramani ile. Lilikuwa shamba lake. Kompyuta ilihesabu majani, na majani alikuwa nayo mengi kuliko mtu yeyote, kwa sababu hakuwa amegusa hata moja.

Nilipeleka kazi kiwandani mimi mwenyewe badala ya kuituma. Afisa aliyehusika na wakulima alikuwa dada kijana, mpole, mwenye simu mbili zilizokuwa zikiita kwa zamu. Aliweka kidole kwenye kile kipande hata kabla sijaketi. "Hii ni ya nani? Huyu mtu anajua kazi."

Nikamweleza. Nilieleza habari ya mvua ya mawe, tangazo la kanisani, p na b. Alicheka kidogo kwa p na b, kisha akaacha kucheka, na hilo sitamnyima. Nikamwonyesha picha za simu. Alizitazama zote.

"Pole kwake, kwa kweli," alisema. "Lakini hizi hazina mahali kwa system. System inasoma ile ya juu peke yake. Nitumie tu, nitaforward."

Nikamtumia. Akazipeleka mbele, naamini. Sina sababu ya kusema hakuzipeleka. Huko mbele ni wapi, hakuna aliyewahi kuniambia. Mimi nilirudi kwenye harusi na mazishi, na kusema kweli nililala usingizi mzito siku kadhaa, kwa kuwa miguu ilikuwa imekwisha.

Mvua za msimu ule zilikuwa zimeshapungua aliponipigia. Nilikuwa nimemwachia namba yangu siku ile ya mursik. Nyuma yake nilisikia panga likigonga vijiti, mtu akikata chai. Alisema amepata ujumbe kutoka kiwandani na anataka kunisomea. Aliusoma polepole, neno baada ya neno, kama anayesoma Biblia: "Pongezi, mkulima. Shamba lako limeonyesha chai bora. Endelea vivyo hivyo."

Kisha akasema, "Mimi nakata yote. Itabaki miti tupu. Wanasema niendelee na gani?"

"Sijui, kogo."

"Lakini wewe si uliona? Na macho yako?"

"Niliona."

"Ukawaambia?"

"Niliwaambia."

"Wakasema aje?"

"Wakasema picha imetoka vizuri."

Lile panga lilikuwa bado linagonga. Akasema ng'ombe ameingia kwenye mahindi, akakata simu.