Vitone vya Baba

Ofisini, kwenye kazi ya kuchapa mabango, walimwita Mzee wa Vitone, na jina hilo alilitafuta kwa mdomo wake mwenyewe. Mteja akiingia na picha aliyotumiwa kwa simu, ndogo kama kucha, akataka iwe bango la ukuta mzima, basi ujue kazi imesimama. Bwana mkubwa anavuta kiti, anakohoa, hotuba inaanza.

"Mama, picha ni vitone. Ukiivuta, vitone haviongezeki, vinanenepa tu. Uso wa mwanao utageuka sakafu ya vigae. Ile ya kwanza iko wapi, ile kubwa?"

"Nimeifuta," akasema siku moja mshonaji wa watu, aliyekuja kutafuta tangazo la magauni, si darasa.

"Umeifuta!" Akawageukia wenzake kana kwamba mama wa watu amekiri kuua. "Jamani, ya kwanza haiguswi! Unatoa nakala, unaichezea nakala. Hilo nalo linataka chuo?"

Mshonaji aliondoka kichwa chini. Mtaalamu wetu akala chakula chake cha mchana kwa raha zote.

Jioni hiyohiyo dada yake akapiga simu. Mama yao alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili yameingia ukungu, na sasa alikuwa na ombi moja tu: picha ya marehemu mumewe, kubwa, ukutani, amwone. Marehemu alikuwa akiikimbia kamera kama mdeni anavyomkimbia mdai wake. Picha yake ilikuwa moja, anacheka mlangoni pa karakana yake.

"Hiyo tu?" akasema Mzee wa Vitone. "Mwambie mama alale, mwanawe yupo."

Maana picha ilikuwa kwenye kompyuta yake. Aliiskani mwenyewe, kisha akamwambia mama: karatasi ya nini tena, hii sasa ni ya milele. Mama akaamini, na unyevu ulipoila ile ya karatasi drooni, akaitupa bila kinyongo.

Akafungua faili. Loo! Baba alikuwa mdogo kama stempu. Akamkuza, pua ikawa vigae vitatu. Ndipo akakumbuka ule ukurasa wa ukoo aliouweka mtandaoni. Siku ile picha ilikuwa nzito, akaipunguza ifunguke upesi. Kompyuta, yenye adabu kuliko yeye, ikamuuliza: faili lenye jina hili lipo tayari, uweke hili mahali pake? Naye, mlinzi wa picha za kwanza za taifa zima, akabonyeza ndiyo. Hata hakusoma.

Alitafuta kila mahali. Hakuna. Basi akafanya dhambi zote alizowakemea wateja: akavuta, akalainisha, akapaka rangi, akavuta tena. Baba akatoka kama mtu aliyefichwa sura asijulikane. Akamchapa hivyo hivyo, akaenda kumtundika, jasho likimtoka, akiwa ameandaa uongo wa mashine kuharibika.

Mama akaketi upande wa pili wa chumba, akainua uso.

"Huyu hapa!" akapiga makofi. "Mtazame anavyocheka, kama kawaida yake! Mwanangu, Mungu akuzidishie."

Mtaalamu akautazama ukuta. Vigae vya kahawia, vigae vya kijivu. Ukungu wa macho ya mama ulikuwa umevilainisha vizuri kuliko programu zake zote, na yeye, mwenye macho mazima, ndiye peke yake asiyemwona baba yake. Akaumeza uongo wake, akaanza hata kujipongeza.

Hapo dada yake akaingia mbio, simu mkononi. "Mama! Hospitali wamepiga. Wiki ijayo unapasuliwa macho!"

Vigelegele. Mama akafuta machozi kwa ncha ya kanga. "Nikitoka huko nitamwona sawasawa mume wangu, hata kidoti chake cha shavuni."

Mwanawe akapiga goti mbele yake.

"Mama," akasema, "ukipona hutamwona. Picha niliiharibu mimi. Macho yako ndiyo yanayoificha aibu yangu. Nisamehe."

Dada mtu akashika mdomo. Mama akaugeuzia ukuta uso wake.

"Wiki ijayo, eeh?" akauliza taratibu. "Basi niondoleeni hiyo meza hapo mbele, inanikinga. Na mniache nimtazame maadamu bado namwona."